Mbegu za mionzi, tezi iliyovimba na barabara ya Luvungi

Mwaka 1915, huko Shinkolobwe, Katanga, mtafuta madini Mwingereza Robert Sharp alikuta mawe ya rangi kali, ya njano na ya kijani, yaliyojaa uraniamu. Mwaka 1921 kampuni ya Union Minière ilianza kuyachimba na kuyasafirisha hadi Olen, Ubelgiji, na mwaka uliofuata kiwanda cha huko kikatoa radiamu yake ya kwanza. Zilihitajika tani za mawe kupata gramu moja. Hata hivyo mawe ya Kongo yalikuwa tajiri kiasi kwamba bei ya radiamu iliporomoka duniani kote, na wachimbaji wa Marekani waliokuwa wakiongoza soko wakafunga kazi.

Sehemu kubwa ya radiamu hiyo ilikwenda hospitalini. Ilitiwa ndani ya sindano na vibomba vidogo, madaktari wakavichomeka katikati ya saratani: kwenye kizazi, kwenye ulimi, na kwenye tezi dume. Jijini New York, daktari Benjamin Barringer alikuwa ameanza kazi hiyo tangu miaka ya 1910. Alipitisha sindano kwenye msamba wa mgonjwa huku kidole chake kikiwa ndani ya njia ya haja kubwa, apate kujua ncha imefika wapi. Ufundi huo wa kuichoma saratani ya tezi dume kutokea ndani ulikua katika miaka ileile ambayo ardhi ya Kongo ilikuwa ikilisha hospitali za Ulaya na Marekani.

Kwa hiyo sikubaliani na anayesema kwamba mbegu za mionzi, warithi wa sindano hizo katika kutibu saratani ya tezi dume, ni mambo ya wakubwa wa mbali, yasiyomhusu mkulima wa mpunga wa bonde la Ruzizi. Luvungi ninayoitaja hapa ni ile ya teritori ya Uvira, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayoteremka kutoka Bukavu kupitia Kamanyola kwenda Uvira. Siyo Luvungi ya Walikale, ile iliyojulikana duniani kwa mabaya waliyotendewa wanawake mwaka 2010. Watu wa bonde hili wametawanyika. Wana ndugu Marekani, Kanada, Ubelgiji, Afrika Kusini. Baba mwenye watoto huko anaweza kuitwa akatibiwe, akawekewa mbegu, akarudi nyumbani kabla hata kidonda hakijatulia. Na mwingine hukusanyiwa fedha na ukoo mzima akapelekwa India. Wote hao wanarudi na kitu ambacho aghalabu hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao: tezi itavimba, na uvimbe huo una kalenda yake.

Mbegu yenyewe ni kibomba cha titani chenye urefu wa milimita 4.5 hivi, na unene wake haufiki milimita 1. Ukiilaza kando ya punje ya mchele wa Luvungi, punje ndiyo ndefu. Ndani yake, mara nyingi, mna iodini-125 iliyoshikamana na kijiti chembamba, na ncha zote mbili zimechomelewa ili kitu kisitoke. Tezi moja inaweza kupandwa mbegu 80 hadi 100, kutegemea ukubwa wake. Mgonjwa hulazwa chali, miguu imeinuliwa, amepigwa sindano ya ganzi ya mgongoni au amelazwa usingizi. Kifaa cha ultrasaundi, ambacho Kongo huita ekografi, huingizwa kwenye njia ya haja kubwa ili tezi ionekane kwenye kioo. Ubao wenye vitundu vilivyopangwa kwa mistari hubanwa kwenye msamba, na kupitia vitundu hivyo daktari husukuma sindano ndefu, moja baada ya nyingine, ishirini au zaidi, kila moja ikiacha safu ya mbegu inapovutwa. Saa moja au mbili, kazi imekwisha. Mbegu hazitolewi tena maisha yote.

Namna hii ya kupanda kwa kuona ilianzia Denmark mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa daktari Hans Henrik Holm, na tangu 1985 ikakuzwa Seattle, Marekani. Kabla ya hapo, New York, madaktari walipasua tumbo na kupanda kwa macho na vidole. Mbegu zilikaa vibaya, pengine zikarundikana na pengine pakabaki wazi, na saratani ikarudi. Ekografi ndiyo iliyoiokoa tiba hii. Lakini hakuna kifaa kilichoondoa jambo moja: kila sindano ni jeraha.

Hapo ndipo uvimbe unapozaliwa. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, imefungwa kwenye ganda gumu kiasi, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Itobolewe mara ishirini, itavuja damu na maji ndani kwa ndani, na kwa kuwa ganda haliachii sana, shinikizo huangukia kile kijia cha katikati. Watafiti wa Marekani waliowapiga wagonjwa picha za CT mara kwa mara baada ya kupandwa mbegu, wakachapisha matokeo yao mwaka 1998, waliona tezi ikiongezeka kwa wastani wa nusu ya ukubwa wake. Uvimbe huo ulipungua kwa nusu kila baada ya siku 9 au 10. Kwa wengine ilikuwa siku 4 tu, kwa wengine 25. Wengine waliokuja baadaye wamepima uvimbe mdogo kuliko huo, lakini kalenda yenyewe haijabadilika sana.

Tuchukue tezi yenye ujazo wa mililita 40. Ikivimba kwa nusu inafika 60. Siku ya kumi imeshuka hadi 50, siku ya ishirini 45, na mwezi ukiisha imebaki ziada ya mililita mbili au tatu. Mgonjwa anayeijua hesabu hii hulala usingizi tofauti na yule anayedhani kwamba saratani imekasirika na sasa inakua mbele ya macho yake. Na wapo wengi wa namna ya pili, kwa sababu uvimbe huja mara baada ya tiba, na akili ya mtu aliyekwisha kuambiwa ana kansa haina subira.

Tena uvimbe wa sindano una mwenzake. Wakati jeraha linapona, mionzi nayo inafanya kazi. Iodini-125 hupoteza nusu ya nguvu yake kila siku 60, kwa hiyo wiki za mwanzo ndizo kali kuliko zote, na ngozi laini ya ndani ya njia ya mkojo huungua pamoja na saratani. Ndiyo maana wapo wanaokojoa vizuri siku tatu za mwanzo, wakamshukuru Mungu, halafu wiki ya tatu au ya nne mkojo ukaanza kuchoma, kuja kila baada ya nusu saa, kuwaamsha usiku mara sita, na kutoka kwa matone. Mara nyingi shida hufika kileleni karibu na mwezi wa kwanza, kisha hupungua polepole. Kwa wengi hali hurudi karibu na ilivyokuwa ndani ya miezi sita hadi mwaka mmoja. Damu kidogo kwenye mkojo siku za mwanzo ni ya kawaida, na mfuko wa korodani kuwa wa zambarau nako ni kawaida, ingawa humtisha mtu.

Uvimbe huu una kazi nyingine ambayo mgonjwa haihisi. Tezi ikitanuka, mbegu zinaachana, na mahali zilipoachana mionzi inapungua. Daktari anayepima siku ileile ya upasuaji atadhani saratani imepata kipimo kidogo kuliko itakachopata kweli. Kwa sababu hiyo hospitali nyingi humwita mgonjwa baada ya siku 30 hivi, uvimbe ukiwa umeshuka, apigwe picha ya CT na mbegu zihesabiwe zilipo. Kwa iodini jambo hili linavumilika kwa kuwa inakaa muda mrefu. Kwa paladiamu-103, inayopoteza nusu ya nguvu kila siku 17, wiki mbili za uvimbe ni sehemu kubwa ya tiba yenyewe. Mzee anayepanda ndege wiki ya pili ili awahi mazishi ya nduguye Uvira anaikosa picha hiyo, na hakuna atakayejua kama kona moja ya tezi yake iliachwa bila mionzi ya kutosha. Ningemshauri abaki. Ndugu watakaolalamika leo wanaweza kuelezwa kesho.

Sasa tuje kwenye shida kubwa, ile inayonifanya niandike. Katika kila wagonjwa 100 wanaowekewa mbegu, ripoti nyingi zinaonyesha kuwa kati ya 5 na 15 hufungwa mkojo kabisa katika siku au wiki za mwanzo. Anayeongoza kwa hatari ni mwenye tezi kubwa tangu awali, na yule ambaye hata kabla ya tiba alikuwa akikojoa kwa taabu. Ndiyo maana madaktari waangalifu huipima tezi kwanza, na ikizidi mililita 50 au 60 humpa mgonjwa dawa za homoni miezi kadhaa ili isinyae, au humwambia waziwazi kwamba tiba hii haimfai.

Mkojo unaweza kumziba mgonjwa akiwa Houston, naye atapelekwa hospitali kwa dakika kumi. Ukimziba Luvungi saa nane usiku, habari ni nyingine. Kibofu kinajaa hadi kinaonekana kwa macho chini ya kitovu, maumivu yanamfanya mtu mzima atambae sakafuni, na kuna aibu juu ya maumivu, maana watoto na wakwe wanasikia. Wengi hujaribu kungoja asubuhi. Wengine huongezewa chai ya majani ili "mkojo usukumwe", jambo linalozidi kujaza kibofu kisicho na pa kutolea. Asingoje. Kibofu kilichonyooshwa kupita kiasi kwa saa nyingi kinaweza kulegea na kushindwa kusukuma hata baada ya uvimbe kwisha, na mkojo uliorudi juu huharibu figo.

Kinachohitajika ni kitu kidogo, na kinaweza kufanyika kwenye kituo cha afya chochote chenye muuguzi aliyefundishwa: sondi, yaani mpira wa mkojo. Muuguzi huosha uume kwa dawa, humimina jeli yenye ganzi ndani ya njia ya mkojo na kusubiri dakika kadhaa, kisha husukuma taratibu mpira laini wa Foley, mara nyingi namba 16. Ukifika kwenye tezi iliyovimba, hugoma. Hapo haulazimishwi. Mgonjwa huambiwa avute pumzi, alegeze mapaja, na mkono wa muuguzi unangoja. Mkojo ukianza kutiririka, mpira husukumwa mpaka mwisho, ndipo puto dogo la ndani linapojazwa mililita 10 za maji ili usichomoke. Puto likijazwa mapema, likiwa bado ndani ya tezi, litachana njia ya mkojo na kuleta balaa jipya. Nimeeleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo mgonjwa anapookolewa au kuharibiwa, na muuguzi wa kijijini ndiye anayeamua, siyo profesa wa Ulaya.

Mpira hubaki siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja au mbili, huku mgonjwa akimeza dawa ya kulegeza misuli ya shingo ya kibofu, hasa tamsulosini, na dawa ya kupunguza uvimbe kama daktari ataona figo na tumbo vinaruhusu. Tamsulosini huweza kumtia mtu kizunguzungu anaposimama ghafla, kwa hiyo mzee anyanyuke kwa hatua, akae kwanza kitandani. Kisha mpira hutolewa na kujaribiwa kama mkojo unapita. Ukigoma tena, unarudishwa, au mgonjwa anafundishwa kujiingizia mpira mwembamba mwenyewe mara kadhaa kwa siku, au unapitishwa juu ya kinena. Inachosha, inaudhi, lakini karibu wote hufunguka, maana uvimbe unashuka.

Kosa kubwa ni kutoamini kwamba utashuka. Kivu ina madaktari wa upasuaji wenye mikono mizuri. Mzee anayefika amefungwa mkojo, kwao, karibu kila mara ana tezi iliyokua kwa uzee, na dawa yake wanaijua: kufungua kibofu na kuikongoa tezi. Wameokoa maelfu kwa njia hiyo. Lakini mtu aliyepandwa mbegu wiki sita zilizopita siye huyo. Tezi yake imejaa mionzi, nyama yake haiponi kama nyama nyingine, na akikatwa mapema anaweza kubaki akivujisha mkojo maisha yake yote. Hata upasuaji mdogo wa kukwangua kupitia njia ya mkojo huahirishwa miezi mingi, na wataalamu wengi hupenda upite mwaka. Juu ya hayo, daktari ataokota mbegu zenye mionzi kwa mikono yake bila kujua ni nini.

Kwa hiyo karatasi moja ina thamani kuliko dawa zote alizorudi nazo mgonjwa. Iandikwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya hospitali za Kongo: tarehe ya kupandwa, aina ya mbegu na idadi yake, ukubwa wa tezi kabla ya tiba, dawa anazomeza, namba ya simu ya daktari aliyemtibu, na sentensi moja iliyo wazi kwamba akifungwa mkojo awekewe sondi na asikatwe. Familia iwe na nakala yake. Mgonjwa aliyefungwa mkojo hawezi kusimulia historia ya tiba yake. Anapiga kelele tu.

Mambo mengine ya bonde yanaongeza shida ya mkojo au kuiamsha. Joto la Ruzizi humkausha mtu, naye kwa kuogopa kukojoa anapunguza maji. Mkojo unakuwa mzito na kuchoma zaidi. Anywe maji mchana, apunguze jioni. Pombe, iwe kasiksi au Primus, ipumzishwe wiki hizo, na pilipili pia. Haja kubwa ikikauka hukandamiza tezi, kwa hiyo matunda na mboga visikosekane mezani. Vidonge vya mafua vinavyouzwa dukani bila swali vinaweza kuziba mkojo usiku uohuo. Na pikipiki: kukaa juu ya kiti kigumu kwenye barabara ya makorongo, msamba ukigongwa kila shimo, ni kulitonesha jeraha lenyewe. Apande gari, hata kama ni ghali na linachelewa.

Kuhusu wajukuu na mke, hofu ya kudhuriwa na mionzi imezidi ukweli, lakini haikutoka hewani. Mionzi ya iodini-125 ni dhaifu na nyingi huishia ndani ya mwili wa mgonjwa. Miezi miwili ya mwanzo asipakate watoto kwa muda mrefu, na mjamzito asikae ubavuni mwake saa nyingi. Kula pamoja, kushikana mikono na kulala kitanda kimoja na mkewe hakuna ubaya. Wakirudia tendo la ndoa, hospitali nyingi hushauri kondomu kwa wiki za mwanzo, kwa kuwa mbegu moja inaweza kutoka. Ikionekana mbegu kwenye mkojo isishikwe kwa vidole. Ichukuliwe kwa kijiko, iwekwe kwenye chupa yenye kifuniko, ipelekwe hospitali. Nasema haya kwa kuwa kumtenga baba wa familia kwenye kibanda cha nyuma, akipelekewa sahani mlangoni, ni ukatili usio na sababu ya kitabibu.

Hofu nyingine huja baadaye kabisa. Kipimo cha damu cha PSA, ambacho hutakiwa kushuka pole pole, kwa baadhi ya watu hupanda tena kidogo mwaka mmoja au miwili baada ya tiba, kisha hushuka chenyewe. Anayekipima Bukavu na kuona kimepanda asikimbilie kuanza dawa za homoni kabla ya kurudia kipimo na kuzungumza na waliomtibu.

Historia ya bonde hili na ugonjwa wa tezi dume ziliwahi kukutana kwa namna ya kutisha. Agosti 1996 Rais Mobutu Sese Seko alipasuliwa Lausanne, Uswisi, kwa saratani ya tezi dume. Alipokuwa bado anajiuguza Ulaya, vita vilianza Kivu Kusini. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, iliyo mlimani juu ya bonde, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani mwao pamoja na wauguzi. Daktari mkuu wake alikuwa Denis Mukwege, ambaye hakuwapo siku ile, na ambaye miaka 22 baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kabla mwezi haujaisha, Uvira na Bukavu zilikuwa zimeanguka. Mobutu alifariki Rabat tarehe 7 Septemba 1997, akiwa na miaka 66. Rais wa nchi iliyoipa dunia radiamu alikwenda kutafuta tiba Uswisi, na wananchi wake wa bondeni wakapoteza hospitali waliyoitegemea.

Na ugonjwa wake ulifichwa. Wakongomani walianza kuusikia kwa tetesi, wakati huku mtaani nako kila mzee mwenye shida ya mkojo alikuwa akificha yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mbegu za mionzi zinamfaa mtu ambaye saratani yake bado imo ndani ya tezi. Afrika wengi hugunduliwa mifupa ikiwa imeshaanza kuuma, na hapo mbegu hazina kazi tena. Kwa mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa wanaume karibu milioni 1.47 duniani waligunduliwa na saratani hii, na karibu 397,000 walikufa. Katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume.

Kuhusu mahali pa kutibiwa, nitasema kwa ufupi. Ghana, kwenye hospitali ya Korle Bu, mbegu za iodini zimekuwa zikipandwa kwa wagonjwa wa Kiafrika tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba Afrika haiwezi. Tatizo la mbegu ni kwamba haziwekwi akiba: zikikaa ghalani siku 60 nusu ya nguvu imekwenda, hivyo huagizwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja na lazima zipite uwanja wa ndege na forodha kwa haraka. Ukanda wetu una mionzi ya mashine ya nje, ambayo kwa wengi hutibu sawa na mbegu na haitoboi tezi kwa sindano: Dar es Salaam pale Ocean Road, Nairobi, Kampala, na karibu zaidi na Luvungi, Kigali, ambako hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza huduma hiyo mwaka 2019. Kutoka Kamanyola unavuka Bugarama, unapita msitu wa Nyungwe, unafika. Kwenye ramani ni karibu. Lakini waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025, na Desemba mwaka huohuo mapigano yakashuka kupitia Kamanyola na Luvungi hadi Uvira. Tiba ya mionzi ya nje huhitaji mgonjwa aende kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, na hakuna mgonjwa anayeweza kuipanga ratiba hiyo juu ya barabara ambayo hajui kesho itakuwa mikononi mwa nani.

Kongo si mgeni wa mambo haya: kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipozindua mpango wake wa Rays of Hope mwezi Februari 2022 ili kupeleka tiba ya mionzi kwenye nchi zisizonayo ya kutosha, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi saba za mwanzo. Ni jambo jema, na walioshughulika wanastahili shukrani. Lakini mashine ikiwekwa Kinshasa, kwa mtu wa Luvungi ni ndege na nauli ambayo ng'ombe watatu hawailipi. Mashariki inahitaji yake, na Bukavu, yenye hospitali kuu ya mkoa na hospitali ya Panzi, ndiyo mahali pake amani ikipatikana.

Yasiyongoja amani ni madogo na yanawezekana sasa. Kila kituo cha afya kuanzia Kamanyola hadi Uvira kiwe na sondi namba 14 na 16, jeli yenye ganzi, mifuko ya mkojo, na muuguzi anayejua kwamba mpira haulazimishwi. Daktari wa zoni ya afya amuulize kila mzee aliyefungwa mkojo, kabla ya kushika kisu, kama amewahi kutibiwa kwa mionzi nje ya nchi. Mwanaume aliyefika miaka 50 apime PSA akipata nafasi, na mwenye baba au kaka aliyeugua aanze akiwa na 45. Na wewe uliye Ulaya au Marekani uliyemwita mzazi wako atibiwe: usimkatie tiketi ya kurudi kabla ya picha ya mwezi mmoja, na usimwache aondoke bila ile karatasi ya Kifaransa.